Jina la Faili Si Faili

Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha makinikia (mchanga wenye madini) nje ya nchi, na makontena 277 ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yakabaki bandarini Dar es Salaam. Nyaraka zilikuwa zimeeleza kilichomo. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma haikuishia kwenye nyaraka: ilichukua sampuli, ikapima.

Kwenye programu, watu wengi huishia kwenye nyaraka. Kahama, jirani na Buzwagi, kama kwingineko nchini, faili za programu hupita mkono kwa mkono kwa Xender, flashi na memori kadi, na hoja ni ile ile: jina ni lile, ukubwa ni ule, basi ndiyo yenyewe. Hilo ndilo kosa la kwanza. Jina hubadilishwa kwa sekunde, na ukubwa huweza kufanywa sawa kwa makusudi.

Heshi ya SHA-256 haijali jina, wala haichukui sampuli. Hupitia kila baiti ya faili, kisha hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Neno “hello” hutoa heshi inayoanza na 2cf24dba. “Hello” huanza na 185f8db3. Faili tupu, popote duniani, huanza na e3b0c442. Fundi akiiona hiyo, ajue hakupakua kitu.

Kosa la pili ni baya zaidi: kudhani kwamba heshi ikilingana, programu ni salama. Heshi huthibitisha kwamba faili ni ile ile, basi. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya mfumo wa Linux Mint na kuwaelekeza wapakuaji wa toleo la 17.3 Cinnamon kwenye faili iliyotiwa mlango wa siri. Anayeweza kugeuza ukurasa wa kupakulia anaweza kugeuza na heshi iliyoandikwa hapo hapo. Ndiyo maana mfumo wa Debian huweka heshi za vifurushi vyake kwenye orodha, heshi ya orodha hiyo kwenye faili iitwayo Release, na Release husainiwa. Ufunguo wa kuihakiki saini tayari umo ndani ya kompyuta, na apt, programu yake ya kusakinisha vifurushi, hukagua mlolongo wote yenyewe.

Kosa la tatu ni fupi: kutegemea aina za heshi zilizokwisha kuvunjwa. MD5 ilivunjwa mwaka 2004 na Xiaoyun Wang na wenzake. SHA-1 ikafuata Februari 2017. Zote mbili ziachwe.

Chukua heshi kwa mwenye programu, si kwa aliyekupa faili. Kisha kokotoa ya faili yako uzilinganishe: kwenye Linux amri ni sha256sum; kwenye Windows ni certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256.