Mkanda wa Kichwani Ulioleta Maumivu ya Shingo

Mwezi huu tunazungumzia kitu ambacho wengi wetu hatujakivaa, lakini kimeanza kuingia katika nyumba zetu kupitia kwa vijana. Ni miwani ya uhalisia pepe. Miwani hii hufunika macho yote mawili na kuonyesha picha pande zote, hata aliyeivaa hujiona yuko mahali pengine kabisa. Michezo iliyomo ndani tunawaachia wazazi. Sisi tunataka kusema juu ya mkanda unaoishikilia kichwani, maana huo ndio uliotuletea mgonjwa.

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 15. "Sista, huyu anaumwa kichwa wiki ya pili sasa. Panadol nimempa, wapi!" Tulipima malaria, hakuna. Homa hana. Macho yake yalisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho. Lakini usoni tuliona alama nyekundu iliyopita kwenye paji, na ngozi iliyochubuka kidogo juu ya mashavu. Tulipobonyeza misuli ya nyuma ya shingo, alishtuka kwa maumivu. Tukamwuliza anavaa nini kichwani. Yeye alitazama chini. Mama ndiye aliyetueleza kwamba kaka yake, afanyaye kazi Muscat, alimletea miwani hiyo alipokuja likizo.

Kesho yake walikuja nayo. Tunakiri kwamba tuliivaa kwa zamu, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walitucheka sana. Hata hivyo dakika kumi zilitutosha kuelewa. Miwani ilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, na uzito huo wote uko mbele ya uso. Kilichoushikilia ni mkanda laini wa lastiki. Ukilegea, miwani huteremka puani na picha huingia ukungu. Basi kijana hukaza. Ikiteremka tena, hukaza tena.

Akina mama wanaobeba maji wataelewa upesi. Ndoo ya lita 20 ikiwa imekaa sawa utosini, uzito hushuka wima kwenye uti wa mgongo na mtu hutembea nayo mbali. Lakini mfunge mtu huyo tofali dogo kwenye paji la uso uone kama atamaliza saa moja. Kichwa huvutwa mbele, na misuli ya kisogoni hufanya kazi ya kukirudisha bila kupumzika. Misuli ikichoka hukakamaa, na maumivu hupanda hadi kichwani. Wengi huyaita kipandauso na kumeza dawa, kumbe chanzo kiko shingoni.

Ngozi nayo ina shida yake. Sisi wauguzi tunajua vizuri kinachotokea mahali panapobanwa muda mrefu: damu haipiti sawasawa, kisha ngozi huwa nyekundu na baadaye huchubuka. Ndiyo sababu tunamgeuza mgonjwa asiyejiweza kitandani. Mwaka 2020, wakati wa korona, wauguzi wengi duniani walimaliza zamu wakiwa na alama za barakoa puani.

Watengenezaji wenyewe waliliona tatizo la mkanda. Kampuni ya HTC ya Taiwan ilianza kuuza miwani yake ya Vive mwaka 2016 ikiwa na mikanda ya lastiki. Mwaka 2017 ilitoa mkanda mwingine wa kununua peke yake, Deluxe Audio Strap, kwa dola 100 hivi. Mkanda huo ni mgumu, una mto nyuma na gurudumu dogo la kuzungusha ili kukaza, na hedifoni zake zimeshikizwa pembeni. Sehemu ya uzito huchukuliwa na kisogo na utosi, na uso hupata nafuu.

Lakini mtu asidhani kila mkanda wa bei ni mzuri. Mkanda mgumu wa Oculus Quest 2, uitwao Elite Strap, ulisimamishwa kuuzwa kwa muda mwishoni mwa mwaka 2020 baada ya watu kulalamika kwamba unavunjika. Na Julai 2021, sponji ya miwani hiyohiyo, ile inayogusa uso, ilifanyiwa marekebisho. Nchini Marekani peke yake ilihusu miwani kama milioni 4, kwa sababu watumiaji zaidi ya 5,000 waliripoti kuwashwa au vipele. Wenye miwani walipewa bure kifuniko cha silikoni. Kwa hiyo mwenye vipele asilaumu mkanda tu. Aangalie na sponji.

Kijana wetu tulimfundisha kuvaa hivi. Mto wa nyuma ukae chini kidogo ya uvimbe wa kisogo, siyo katikati ya kichwa. Mkanda wa juu urekebishwe kwanza, ndio unaobeba. Wa pembeni ukazwe mwisho, na kwa kiasi cha kuzuia miwani isicheze tu. Ukiivua ukakuta alama isiyofutika baada ya nusu saa, umekaza mno. Apumzike kila baada ya dakika 20 au 30. Sponji ifutwe kwa kitambaa kikavu, na kila mtu awe na kifuniko chake, hasa mwenye macho mekundu. Vioo visielekezwe kwenye jua kamwe, kwani hukusanya miale na kuunguza kioo cha ndani. Mwenye kifafa asiivae kabla ya kumwona daktari.

Kuhusu hedifoni, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Nyumbani hakuna kipimo hicho, kwa hiyo tumia hiki: mtu aliye hatua moja kutoka kwako akiongea kawaida, na wewe humsikii, punguza sauti.

Kaka wa Muscat alituma mkanda mgumu. Kijana alipokuja tena kutuona alama zilikuwa zimefutika na shingo ilikuwa laini. Mama yake amebaki na lalamiko moja tu: siku hizi mtoto akivaa hedifoni zile, hata umwite mara tatu akateke maji, hasikii.