Mkristo, Kusema "Naumia" Siyo Kukosa Imani

Waulize waumini baada ya ibada wanaendeleaje, wengi watajibu: "Bwana asifiwe, namshukuru Mungu." Kumbe nyumbani kuna mgonjwa, kazi imeisha, au msiba bado mbichi. Wananyamaza wakiogopa kuambiwa hawana imani.

Lakini Biblia haifichi mateso. Paulo aliwaeleza Wakorintho waziwazi kuwa dhiki ya Asia ilimfanya aone hatapona (2 Wakorintho 1:8). Nabii Eliya alichoka mpaka akaomba afe. Mungu hakumkemea, alimwacha alale, kisha akaletewa mkate na maji (1 Wafalme 19).

Sasa ufanyeje?

1. Kama unaumia, si lazima utangazie kanisa zima. Tafuta mtu mmoja au wawili wanaotunza siri, waambie ukweli, waombe wakuombee.

2. Kama ni mwenzako, nenda ukakae naye. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku 7 bila kusema neno. Walimuumiza pale walipoanza kumlaumu. Usimuulize amefanya dhambi gani.

3. Saidia kwa vitendo. Peleka unga, msindikize hospitali, baki na watoto wake.

4. Usipotee baada ya mazishi. Watu wakishatawanyika ndipo upweke unapoanza. Simu yako wiki ya tatu inaweza kumwinua kuliko mahubiri marefu.

Na wewe uliyewahi kupita hapo usione aibu kusimulia. Anayeumia leo anahitaji kumwona mtu aliyevuka.