Tuige kazi ya Bach, si nota zake tu

Kwa miongo mingi kwaya za makanisa ya Tanzania zimejipima kwa wimbo mmoja, Haleluya ya Handel, iliyotiwa maneno ya Kiswahili na kuimbwa kwa sauti nne wakati wa Krismasi na Pasaka. Makanisa ya Korogwe na Handeni hayako nje ya desturi hiyo. Mkulima wa mahindi na kibarua wa shamba la mkonge, ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa tamasha wa Ulaya, wanaibeba besi ya Handel kwa kumbukumbu tu. Kwa hiyo swali la kama muziki wa watunzi wakubwa wa Ulaya unatuhusu limekwisha kujibiwa na wanakwaya wenyewe. Swali lililobaki ni gumu zaidi: tumepokea nini hasa kutoka kwao? Nadhani tumepokea nyimbo, tukaiacha nje ya mlango desturi ya kazi iliyozizaa. Nayo desturi hiyo, kwa wilaya zenye hazina ya nyimbo kama hizi mbili, ina faida zaidi kuliko nyimbo zenyewe.

Njia zilizouleta muziki huo zinajulikana. Waanglikana wa misheni ya UMCA walifika Magila tangu miaka ya 1860, wakaendelea hadi Korogwe na Kwamkono. Walutheri wa Bethel wakaingia milima ya Usambara mwaka 1891, na Wakatoliki nao wakaja na misa zao. Reli kutoka Tanga na mashamba ya mkonge vikakusanya watu wa makabila mengi mahali pamoja, na kwaya ikawa sehemu mojawapo walipokutana. Chombo cha kufundishia kilikuwa tonika solfa, iliyobuniwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na mchungaji John Curwen ili mtu asiye na piano wala fedha aweze kusoma muziki. Do, re, mi zilizoandikwa ubaoni kwa chaki zilitosha. Ubao huo uliwapa watu wetu uwezo wa kuandika sauti, lakini kwa sehemu kubwa ukatumika kunakili za wengine.

Tumtazame Johann Sebastian Bach, maana jina lake limepambwa mno hata jasho lake halionekani. Alikuwa mwajiriwa. Mwaka 1705, akiwa na umri wa miaka 20, aliomba likizo ya wiki nne huko Arnstadt, akaenda kwa miguu hadi Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda Buxtehude. Ni mwendo wa kilomita 400 hivi, zaidi ya kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam. Alikaa huko karibu miezi minne, na aliporudi wakubwa wake walimkaripia kwa kuchelewa, na pia kwa kuwachanganya waumini kwa sauti ngeni alizoanza kupiga. Mwaka 1717 bwana wake wa Weimar alimweka kifungoni karibu mwezi mzima kwa sababu aling'ang'ania kuacha kazi. Alipohamia Leipzig mwaka 1723, kwa miaka ya mwanzo alitoa kantata mpya karibu kila Jumapili. Alikuwa akitunga, mkewe, watoto na wanafunzi wakinakili sauti moja moja, kisha mazoezi ya haraka na ibada. Mwaka 1730 aliiandikia halmashauri ya mji waraka wa malalamiko ambao mwalimu yeyote wa kwaya wa Handeni ataukuta na sauti yake mwenyewe ndani. Alisema kwaya ya kanisa inahitaji waimbaji angalau 12, ikiwezekana 16. Katika vijana 54 aliokabidhiwa, 17 walifaa, 20 walikuwa bado hawajaiva, na 17 hawakufaa kabisa. Muziki tunaouita mkamilifu ulitungwa kwa ajili ya vijana hao, ukisubiriwa na Jumapili isiyoahirishwa. Wenzake wa zama zile waliishi hivyohivyo: Joseph Haydn, alipoingia utumishi wa ukoo wa Esterházy mwaka 1761, alivaa sare kama watumishi wengine wa nyumba na kutunga alichoagizwa.

Bach pia hakuona haya kuchukua nyimbo za watu. Sauti inayoimbwa hata kwa Kiswahili katika ibada za Ijumaa Kuu, ile ya kichwa cha Yesu kilichojeruhiwa, ilitungwa na Hans Leo Hassler na kuchapishwa mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi. Baadaye ikatiwa maneno ya kanisa, na Bach akairudia mara tano katika Mateso ya Yesu kwa mujibu wa Mathayo, kila mara akiipangia sauti za chini upya kadiri kisa kinavyozidi kuuma. Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wa kanisa wanaosema sauti za ngoma hazina nafasi ibadani kwa kuwa zina harufu ya dunia. Kama wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa kwa mapenzi umeweza kubeba Ijumaa Kuu kwa karibu karne nne, selo ya Wazigua na mdumange wa Wasambaa vina haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema jambo hili waziwazi mwaka 1963, na mwaka huohuo padri wa Kitanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Upande wa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya sauti za Kiafrika katika Tumshangilie Mungu. Mlango ulifunguliwa zamani.

Lipo pingamizi zito zaidi, na halifai kupitwa kwa adabu. Handel alikuwa na fedha katika biashara ya watumwa: mtafiti David Hunter amelikuta jina lake katika kumbukumbu za hisa za Royal African Company za mwaka 1720. Kwa msomaji wa Handeni hilo si jambo la mbali. Katika miaka ya 1830 na 1840, njaa na biashara hiyohiyo ya binadamu, safari hii kupitia mwambao wetu, viliwapeleka Wazigua wengi hadi Somalia. Je, tuache kumwimba Handel? Sioni hivyo. Onyesho la kwanza la Messiah, utungo wenye ile Haleluya, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, lilichangisha fedha zilizowakomboa wafungwa wa madeni. Mtu yuleyule aliwafungua wafungwa kwa mkono mmoja na kuweka fedha katika utumwa kwa mkono mwingine, wala jema halifuti ovu. Kinachonikera ni kumweka mtu wa namna hiyo juu ya madhabahu ya sanaa kana kwamba sisi kazi yetu ni kumtii. Kumsoma kama fundi, kujua alivyoijenga ile Haleluya hadi tarumbeta zinapoingia, hakudai tumsujudie.

Wengine watasema kwamba Kizigua kina sauti za kupanda na kushuka zinazobeba maana, kwa hiyo upangaji wa sauti nne wa Kizungu utakiharibu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nyimbo zilizotafsiriwa, ambamo maneno hulazimishwa kupanda pale wimbo wa Kijerumani unapopanda. Lakini ndiyo sababu ya kutunga upya kwa kuanzia kwenye lugha. Leoš Janáček wa Moravia alijaza madaftari yake nota za namna watu walivyosema sokoni na njiani, kisha akaandika opera kwa kufuata mwinamo wa usemi huo. Wala jambo hili si la Wakristo peke yao. Handeni ina Waislamu wengi, na mwambao wa Tanga una taarabu, iliyochukua fidla na akodioni zikawa zake, wala hakuna aliyeuliza ruhusa Ulaya.

Kazi inayodaiwa basi ni ya kuandika. Kwaya nyingi nchini hutunga, tena kwa wingi, lakini wimbo ukishaingia studio na kupigiwa mdundo uliomo tayari katika kinanda, nota hazibaki, na mwalimu akifa unabaki wimbo usioweza kupangwa upya. Béla Bartók na Zoltán Kodály, mwaka 1905 na 1906, walianza kuzunguka vijiji vya Hungaria, Bartók akibeba mashine ya kurekodia ya Edison, wakawaomba wakulima na bibi vizee waimbe, na muziki mkubwa wa Bartók ukaota humo. Leo simu moja ya kijana wa Mombo au Mkata inafanya kazi vizuri kuliko mashine ile, na anayeijua tonika solfa anaweza kuhamishia karatasini alichokisikia.

Mahali pa kuanzia pako. Wazigua waliobaki Somalia walikitunza Kizigua kando ya mto Juba kwa vizazi kadhaa, na vita ya miaka ya 1990 ilipowarudisha kama wakimbizi, wengi waliishia Chogo, wilayani Handeni, ambako walipewa makazi na baadaye uraia. Wazee waliozaliwa Juba wanazidi kupungua. Mwalimu wa kwaya akikaa nao, aandike nyimbo zao za mavuno, za harusi na za kubembeleza watoto, kisha akaziweke kando ya zile za Kwamkono na Kwamsisi. Sauti itakayokutwa pande zote mbili, kama si mpya iliyosambaa baada ya kurudi, itakuwa imeimbwa kabla ndugu hawa hawajatenganishwa. Walitenganishwa wakati ambapo Beethoven, aliyekufa mwaka 1827, na Schubert, aliyemfuata mwaka mmoja baadaye, walikuwa wamezikwa Vienna kwa miaka michache tu.