Majigambo na Sifo: Nafasi ya Uhusiano Mwema katika Kampuni za Teknolojia

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii humfaa muuza maembe, kwani mnunuzi huliona embe, akalibonyeza na kulinusa. Katika teknolojia hali ni tofauti. Mteja haoni yaliyomo ndani ya mitambo, hivyo hana budi kutegemea neno la mwingine. Makala haya yanafafanua jinsi uhusiano mwema unavyoweza kuipa kampuni uzito wa kauli katika uwanja wake, kwa kurejelea huduma ya M-Pesa.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaitambua tofauti baina ya majigambo na sifo. Katika majigambo, mtu hujisifu mwenyewe; katika sifo, husifiwa na wengine. Matangazo ya biashara ni majigambo, kwa kuwa kampuni hulipia nafasi na kusema itakavyo. Uhusiano mwema, ukitekelezwa ipasavyo, hukaribia sifo, maana hutafuta kauli ya mtu asiyelipwa na kampuni: mwanahabari, mtafiti au mkaguzi.

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007. Awali, mwaka wa 2005, ilifanyiwa majaribio Nairobi na Thika kwa ushirikiano na shirika la mikopo midogo la Faulu, lengo likiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo. Mwaka wa 2007, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliouongoza mradi huo, walichapisha makala katika jarida la Innovations. Hawakusimulia ushindi mtupu. Walieleza matatizo ya majaribio na jinsi wateja walivyoigeuza huduma kuwa njia ya kutumiana fedha. Uwazi wa aina hii hujenga imani, kwani anayetaja mapungufu yake huaminika anapotaja mafanikio.

Hata hivyo, imani hupimwa wakati wa dhoruba. Desemba 2008, kufuatia malalamiko yaliyohusishwa na mabenki, Kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, aliamuru huduma hiyo ikaguliwe. Mapema mwaka wa 2009 serikali ilitangaza kwamba ilikuwa imara. Hakuna tangazo la kulipiwa ambalo lingeweza kuwa na nguvu ya kauli hiyo. Aidha, mwaka wa 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria katika jarida la Science kwamba M-Pesa ilikuwa imeziondoa familia 194,000 za Kenya katika ufukara, yaani asilimia 2 ya familia zote nchini.

Kinyume cha hayo ni kampuni ya Theranos ya Marekani, iliyodai kupima maradhi mengi kwa matone machache ya damu. Mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alipamba majalada ya magazeti, na viongozi wastaafu waliketi katika bodi yake, ilhali wataalamu wa nje hawakupewa nafasi ya kuichunguza mashine yenyewe. Oktoba 2015 gazeti la Wall Street Journal lilifichua udhaifu wake. Mwaka wa 2018 kampuni ikavunjwa.

Kwa kuhitimisha, yafaa ifahamike kwamba uhusiano mwema hauumbi ubora usiokuwepo. Kazi yake ni kuwafungulia mashahidi mlango na kuukubali ushahidi wao, hata unapouma. Chema nacho huhitaji shahidi, kibaya humkimbia.