Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vizidishi vya Ajira na Miradi ya Uwekezaji Garissa

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mradi mkubwa unapozinduliwa katika eneo lililoachwa nyuma kwa miaka mingi, wenyeji huupokea kwa matumaini ya namna hiyo hiyo. Hotuba za uzinduzi nazo hazikosi kutaja idadi ya nafasi za kazi zitakazopatikana. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: idadi hiyo ilipatikanaje? Makala haya yanalenga kueleza mbinu mojawapo inayotumiwa na wanauchumi kukadiria ajira zitokanazo na uwekezaji, yaani vizidishi vya kimaeneo, na kuonyesha jinsi inavyostahili kutumiwa katika Kaunti ya Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya kwa jumla. Hoja yetu kuu ni kwamba ajira za mradi hutegemea zaidi kiasi cha fedha kinachobaki na kuzunguka miongoni mwa wenyeji kuliko ukubwa wa bajeti inayotangazwa.

Dhana ya Kizidishi

Kizidishi ni nambari inayoonyesha jumla ya mapato au kazi zinazopatikana kutokana na shilingi moja, au kazi moja, ya mwanzo. Mwaka 1931 mwanauchumi Mwingereza Richard Kahn alichapisha makala kuhusu uhusiano wa uwekezaji na ukosefu wa kazi, na John Maynard Keynes akaiendeleza dhana hiyo mwaka 1936.

Tuchukue mfano wa fundi anayelipwa mjini Garissa. Fundi huyo hununua nyama na maziwa ya ngamia. Mwenye bucha naye humlipa mfugaji na mchukuzi, nao wakaenda dukani. Hata hivyo, kila mzunguko huwa mdogo kuliko uliotangulia, kwa kuwa sehemu ya fedha hutoka nje ya kaunti kununua sukari, unga, saruji na mafuta ya magari. Kutoka huku tutakuita mvujo. Mtungi uliotoboka haujai hata ukitiwa maji kutwa kucha.

Athari za mradi hugawika katika makundi matatu. Kuna athari za moja kwa moja, yaani watu walioajiriwa na mradi wenyewe. Pili, kuna athari kwa wale wanaouuzia mradi bidhaa na huduma. Tatu, kuna athari zitokanazo na matumizi ya mishahara ya makundi hayo mawili.

Jedwali la Pembejeo na Mazao

Ili kufuatilia mizunguko hiyo, wanauchumi hutumia jedwali lililoasisiwa na Wassily Leontief, mtaalamu mwenye asili ya Urusi aliyefanya kazi Marekani. Alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu mbinu hii mwaka 1936, na mwaka 1973 akatunukiwa Tuzo ya Nobel katika uchumi. Katika jedwali hilo, kila safu mlalo huonyesha sekta fulani inamuuzia nani, na kila safu wima huonyesha sekta hiyo hiyo inanunua nini na kutoka kwa nani. Ukijua kwamba ujenzi hununua saruji, na kwamba saruji huhitaji umeme na usafiri, unaweza kukokotoa jinsi ongezeko katika sekta moja linavyozigusa nyingine zote.

Tatizo huzuka tunaposhuka kutoka taifa hadi kaunti. Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya (KNBS) lilitoa ripoti ya kwanza ya pato la kila kaunti mwaka 2019. Ripoti ya namna hiyo hueleza ukubwa wa kila sekta katika kaunti, lakini haielezi ni sekta gani inayoiuzia ipi. Kwa sababu hiyo mtafiti huchukua jedwali la taifa na kulipunguza. Iwapo sekta fulani ni asilimia 8 ya uchumi wa taifa lakini ni asilimia 2 tu ya uchumi wa kaunti, huchukuliwa kwamba kaunti hiyo inaweza kujitosheleza kwa robo tu ya mahitaji yake katika sekta hiyo. Robo tatu zilizobaki huhesabiwa kuwa mvujo.

Mfano wa Kukokotoa

Nambari zifuatazo ni za kubuni, nazo zinakusudiwa kufafanua tu. Tuseme mradi una gharama ya shilingi milioni 100. Mkadiriaji wa kwanza anatumia kizidishi cha taifa. Anadhani kwamba katika kila shilingi, senti 60 hutumiwa tena ndani. Kizidishi chake ni 1 kugawanywa kwa 0.4, yaani 2.5, na jumla yake ni shilingi milioni 250. Akichukulia kwamba kila milioni moja hutoa kazi 2, atatangaza kazi 500.

Mkadiriaji wa pili anaanza kwa kuuliza fedha zinatumika wapi. Anagundua kwamba milioni 80 ni za mitambo iliyonunuliwa nje, kwa hiyo ni milioni 20 tu zinazoingia katika kaunti. Anagundua pia kwamba kati ya kila shilingi inayoingia, ni senti 30 tu zinazotumiwa tena hapo. Kizidishi chake ni 1 kugawanywa kwa 0.7, yaani takribani 1.43. Jumla yake haifiki milioni 29, na kazi zake ni 57. Mradi ni ule ule na hesabu zote mbili ni sahihi kimahesabu, ila idadi moja inakaribia kuwa mara tisa ya nyingine.

Hali Halisi ya Garissa

Kituo cha umeme wa jua cha Garissa kilizinduliwa rasmi Desemba 2019. Kina uwezo wa megawati 50, kiko katika ardhi ya hekta 85, na kilijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina. Paneli zake, zinazozidi 200,000, zilitoka nje ya nchi, na umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Faida yake kwa nchi haina shaka. Hata hivyo, kwa upande wa ajira, mradi wa aina hii huhitaji watu wengi wakati wa ujenzi, kisha walinzi, wasafishaji na mafundi wachache baadaye. Kuuhesabu kwa kizidishi cha taifa ni kuyahesabu malipo ya kiwanda cha ng'ambo kana kwamba yalilipwa mjini Garissa.

Tulinganishe na biashara ya mifugo. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa katika Afrika Mashariki. Humo wamo madalali, wachungaji, wauza nyasi, wauza dawa za mifugo, wenye malori na mama wauza chai. Pembejeo za biashara hii kwa kiasi kikubwa ni za papo hapo: malisho, maji na nguvu za watu. Mvujo wake mkubwa hutokea mwishoni, mnyama anaposafirishwa akiwa hai ili achinjwe kwingineko, kwani kazi ya kuchinja, kufungasha na kutengeneza ngozi humfuata huko aendako.

Isitoshe, takwimu zenyewe huipunja sekta hii. Utafiti wa Behnke na Muthami uliochapishwa na IGAD mwaka 2011 ulionyesha kwamba mchango wa mifugo katika uchumi wa Kenya mwaka 2009 ulikuwa takribani mara mbili na nusu ya makadirio rasmi ya wakati huo. Jedwali lililojengwa juu ya takwimu pungufu haliwezi kutoa kizidishi kamili.

Upo pia ushahidi kutoka Garissa yenyewe. Mwaka 2013, J. Edward Taylor na wenzake walichunguza ruzuku ambayo serikali huzipa familia zinazolea mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Walikadiria kwamba kila shilingi iliyotolewa Garissa ingeweza kuzalisha mapato ya shilingi 1.81, ilhali Nyanza ilikuwa 1.34. Walionya, hata hivyo, kwamba bidhaa zikiwa haba na bei zikipanda, faida halisi ya Garissa hushuka hadi 1.23. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo iliziendea familia zisizopokea ruzuku, zenye maduka na mifugo.

Kazi, Ajira na Kibarua

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana mchango wake. Lugha yetu hutofautisha kazi, ajira na kibarua, lakini matangazo ya miradi huyafumbata yote katika maneno "nafasi za kazi". Kibarua cha miezi mitatu cha kuchimba mitaro huhesabiwa sawa na ajira ya miaka ishirini. Wanauchumi waangalifu huhesabu kwa miaka ya kazi: watu wanne waliofanya kazi miezi mitatu kila mmoja ni sawa na mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Mwandishi wa habari, mfasiri na mkalimani wakizingatia tofauti hii, wananchi watajua wanachoahidiwa.

Tahadhari

Ikumbukwe kwamba kizidishi kidogo kinaweza kugeuzwa kuwa kisingizio. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yaliyoaminiwa kutoa tija kubwa kwa haraka, na Kaskazini Mashariki ikabaki nyuma. Eneo lisilopata barabara, viwanda wala vyuo litakuwa na mvujo mkubwa, kisha mvujo huo utatumiwa kama sababu ya kulinyima tena. Katiba ya 2010, kupitia Hazina ya Usawazishaji katika Kifungu cha 204, ilikusudia kuuvunja mzunguko huo. Kwa hiyo kizidishi kisomwe kama kipimo cha mahali pa kuziba ufa: machinjio, kiwanda cha ngozi, mafunzo ya ufundi na zabuni kwa wenyeji.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba idadi ya ajira za mradi ni matokeo ya dhana zilizochaguliwa na mkadiriaji. Anayeisikia idadi hiyo hana budi kuuliza mambo matatu: ni sehemu gani ya fedha itakayotumiwa ndani ya kaunti? Kizidishi kilichotumiwa ni cha taifa au cha eneo? Je, ni ajira za kudumu au ni vibarua? Majibu yakipatikana, mwenyeji ataweza kupima mwenyewe iwapo ujio wa mgeni utamponya.