Muvi Sitini na Rimoti Moja

Chomeka flashi ya gigabaiti 32 kwenye TV. Ikiwa kila muvi ina megabaiti 500 hivi, humo ndani mnaenea muvi kama 60. Kioo kinaonyesha nini? Orodha ya majina yaliyokatwa katikati. Mtu anashuka na kishale cha rimoti, mstari baada ya mstari, akiitafuta ile aliyoishia njiani jana usiku.

Mchikichini na Kariakoo, Dar es Salaam, video ya nyumbani haikungoja intaneti. Zilitangulia kanda za VHS, zikaja VCD za Bongo Movie, na sasa mtu anapeleka flashi dukani, kijana wa kompyuta anamwekea muvi zilizotafsiriwa na tamthilia za Kikorea, Kituruki au Kifilipino. Nyingi huwekwa bila ridhaa ya wenye kazi, na dhuluma hiyo inastahili makala yake.

VCD ilikuwa na jalada. Sahani moja ilibeba dakika 74 hivi tu, kwa hiyo filamu ndefu ilikatwa vipande, lakini mnunuzi hakupotea. Sura ya mwigizaji Steven Kanumba aliiona kutoka ng'ambo ya barabara, na jalada lilionyesha kama hii ni sehemu ya kwanza au ya pili. Hata asiyejua kusoma alichagua mwenyewe. Flashi imemnyang'anya uwezo huo, na hilo linaniuma.

Linganisha flashi na TiVo, kifaa cha kurekodi vipindi vya TV kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1999. Majina ya vipindi kiliyapata tayari kwenye ratiba ya vituo. Flashi haina ratiba. Jina la muvi analiandika kijana wa dukani, kwa hiyo yeye ndiye anayeamua mtazamaji ataona nini kwenye kioo, ingawa hakuna anayemhesabu kuwa mbunifu.

Mara nyingi jina huanza na "IMETAFSIRIWA", likafuata la mtafsiri na namba yake ya simu. Jina la muvi lenyewe liko mwishoni, pale pale TV inapokata. Namba nazo zina balaa lake: TV nyingi hupanga herufi kwa herufi, hivyo episodi ya 10 inakaa mara tu baada ya ya 1, mbele ya ya 2. Mama anayefuatilia tamthilia anaona harusi kabla ya uchumba. Dawa ni kuandika 01, 02, 03, jina la muvi litangulie, na kila tamthilia iwe na folda yake.

Lililobaki liko kwa wenye viwanda vya TV. Wakati wa mgao wa umeme wa Tanzania wa mwishoni mwa 2023, kila umeme ulipokatika TV nyingi zilisahau mtu alifika dakika ya ngapi. Kukumbuka dakika hiyo ni kuhifadhi namba moja tu. Picha ndogo ya muvi kando ya jina nayo ingemrudishia asiyesoma uhuru wa kuchagua. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza TV hizi kwa makontena wanaweza kuyadai yote mawili kiwandani kabla ya kulipia mzigo unaofuata.