Peugeot 504: Punda wa barabara aliyegeuka johari

Na MWANDISHI WETU

MAGARI aina ya Peugeot 504, yaliyotumikishwa kwa miaka mingi katika barabara za Bonde la Ufa na Magharibi, sasa yanasakwa na wapenzi wa magari ya kale.

Wakazi wa makamo wa Kipsongo mjini Kitale, au wa Bungoma, hawahitaji kusimuliwa habari za gari hili. Pikapu yake ilibeba mahindi, maziwa na mbolea. Lile refu lenye safu tatu za viti lilisafirisha abiria kati ya Kitale, Eldoret, Nakuru na Nairobi, kabla ya Nissan kuteka biashara ya matatu.

Gari hilo lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968 na likateuliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mnamo 1969. Hata hivyo, sifa zake nchini Kenya zilitokana na mashindano ya Safari Rally. Mtangulizi wake, Peugeot 404, alishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Nayo 504 ilishinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha 1978 ikiwa mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas.

Siri yake ni usahili. Halina kompyuta, na fundi aliweza kulifungua na kulirekebisha chini ya mti. Lile refu liliwekewa springi nne nyuma ili listahimili uzito.

Lakini sifa hizo ndizo zilizoyaangamiza. Kwa kuwa yalikuwa magari ya kazi, hakuna aliyeyahurumia. Mengi yaliliwa na kutu, yakabadilishwa injini au yakakatwakatwa na kuuzwa kama vyuma kuukuu.

Isitoshe, sheria hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari ya kawaida yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Hivyo basi, mnunuzi analazimika kutafuta yale yaliyosalia humu nchini.

Hali ni iyo hiyo Australia, ambako Holden Sandman, gari lililotokana na lile la mizigo na kuanza kuuzwa 1974, sasa ni ghali kuliko lilipokuwa jipya.

Humu nchini, mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza 2003, na maonyesho ya Concours d'Elegance jijini Nairobi yamewapa wamiliki wa magari ya kale sababu ya kuyatunza.

Kwa mkulima ambaye 504 yake imegeuka kiota cha kuku ghalani, tofauti ni kubwa. Mnunuzi wa vyuma hulipa kwa kilo, ilhali mpenzi wa magari hulipia ukamilifu: bodi isiyooza, injini ya awali, na nambari ya chesisi inayolingana na ile iliyo kwenye cheti cha umiliki.

Cheti kikipotea, thamani hushuka. Na gari likishakatwa, hakuna fundi wa kulirejesha.